Gari Linalokaa Kitako Likivuta Karavani

Mwezi huu zimetufikia barua tatu ambazo, ingawa zimetoka pande tofauti za Mombasa, zinauliza jambo moja: kwa nini nyuma ya gari huinama inapofungwa trela, na mwenye gari afanye nini kabla hajamkabidhi fundi fedha zake. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye kuiandika ametupa vipimo kamili, na vipimo ndivyo vinavyokosekana katika maswali mengi ya namna hii.

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Mjibu Maswali. Mimi ni mkazi wa Bamburi na ni baba wa watoto wanne. Nimenunua karavani ya ekseli moja iliyokwisha kutumika, ili shule zinapofungwa niweze kwenda na ahali zangu Voi na Taita bila ya kulipia hoteli. Gari langu ni jipu refu lenye springi za koili nyuma. Nikiifunga karavani, nyuma ya gari hushuka hadi chuma cha kuvutia kikakaribia kukwaruza matuta, na pua ya gari huinuka. Katika safari ya kwanza, usiku baina ya Mazeras na Mariakani, madereva wa malori waliokuwa wakija mbele yangu waliniwashia taa kali mmoja baada ya mwingine ilhali zangu nilikuwa nimezishusha, na usukani ulikuwa mwepesi kana kwamba gari liko juu ya jeki. Rafiki yangu mwenye ghala amenisaidia kupima. Karavani ikiwa imejaa ni kilo 1,400, na shingo yake (mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari) ikikalishwa peke yake juu ya mizani ni kilo 210, ilhali kibati cha chuma cha kuvutia kimeandikwa kilo 180. Kutoka ekseli ya mbele ya gari hadi ya nyuma ni sentimita 280, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye tufe la kuvutia, ambalo shingo hukaa juu yake, ni sentimita 120. Ndani ya buti nina jenereta ya kilo 45, pamoja na sanduku la barafu na mikoba ambayo kwa jumla ni kilo 45 nyingine. Tangi la maji la lita 80 liko mita moja na nusu mbele ya ekseli ya karavani, mitungi miwili ya gesi ya kilo 13 iko mita tatu mbele ya ekseli hiyo, na tufe liko mita nne. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe springi, wa pili ameniambia nitie mifuko ya upepo, na wa tatu anasema ni shokamzoba. Fedha nilizo nazo zinatosha jambo moja tu. Nifanye lipi? — *Baba wa Wanne, Bamburi*

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umefanya jambo ambalo wengi hulifanya mwisho au hawalifanyi kabisa, nalo ni kupima. Kwa hiyo nitakujibu kwa kutumia hesabu zako mwenyewe, na utaona kwamba sehemu kubwa ya dawa ya ugonjwa huu haiuzwi dukani.

Anza kwa kumtazama mwenye mkokoteni pale soko la Kongowea. Mkokoteni wake ni trela ya ekseli moja inayovutwa na mtu. Akipanga magunia mengi mbele ya magurudumu, mipini humlemea mikononi na mgongo wake hupinda. Akiyapanga mengi nyuma, mipini humnyanyua na miguu yake hukosa nguvu ya kusukuma ardhi. Hamali aliyekomaa hugeuza gunia moja tu na mzigo wote ukatulia. Gari lako limo katika hali ya hamali aliyelemewa, lakini kuna tofauti moja ambayo lazima uifahamu vyema: tufe la kuvutia haliko juu ya ekseli ya nyuma ya gari, bali liko sentimita 120 nyuma yake. Kwa hiyo uzito wa shingo haushuki tu chini. Hulifanya gari liwe pembea, ekseli ya nyuma ikawa mhimili, na upande wa mbele ukanyanyuliwa.

Fanya hesabu hii. Kilo 210 za shingo, zidisha kwa sentimita 400 (yaani 280 na 120), kisha gawa kwa 280. Utapata kilo 300. Ekseli yako ya nyuma haikubebeshwa kilo 210 kama unavyodhani, imebebeshwa 300, na zile 90 za ziada zimeondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Vitu vya kwenye buti navyo vinafanya vivyo hivyo. Tukichukulia kwamba viko kiasi cha sentimita 80 nyuma ya ekseli, zile kilo 90 zinakuwa takriban 116 juu ya magurudumu ya nyuma, na nyingine 26 zinaondoka mbele. Kwa jumla nyuma kumeongezeka kilo 416, na mbele kumepungua kilo 116.

Hizo kilo 116 zilizopotea mbele ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko nyuma kushuka. Kushuka kwa nyuma unakuona kwa macho, na kwa hiyo kila fundi anakimbilia kukutibu. Lakini magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na katika kufunga breki ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi. Yakipunguziwa uzito, usukani huwa mwepesi kama ulivyoeleza, na gari hutaka nafasi ndefu zaidi kusimama. Malori yaliyokuwashia taa hayakukuonea: pua ya gari ilipoinuka, taa zako ulizozishusha zilikuwa zikimulika machoni mwa madereva badala ya kumulika lami. Unapotelemka kutoka Mazeras kurudi mjini, ukiwa na tani moja na nusu inayokusukuma nyuma na msafara wa malori ya makontena yanayoelekea bandarini, hali hiyo si ya kuvumiliwa hata kwa safari moja.

Basi jambo la kwanza, kabla ya kununua chochote, ni kuupanga mzigo upya. Shingo yako inabeba asilimia 15 ya uzito wa karavani. Marekani, ambako karavani nzito huvutwa kwa magari makubwa, kipimo kinachofuatwa ni baina ya asilimia 10 na 15. Ulaya, ambako karavani ni nyepesi na mwendo ni wa chini, hutosheka na pungufu zaidi ya hapo. Kwa hiyo asilimia 15 si kosa kwa wenyewe, lakini wewe umeshavuka kilo 180 za kwenye kibati, na kibati hakina mjadala. Safiri na tangi la maji likiwa tupu, ulijaze ukifika. Maji ya lita 80 ni kilo 80, na kwa pale lilipo tangi yanaongeza kilo 30 kwenye shingo. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukijaa huwa karibu na kilo 28 pamoja na chuma chake; uondoe mmoja shingoni, na kilo nyingine 21 zitapungua. Ikiwa mtungi huo ni lazima uende nao, usiuingize ndani ya karavani wala ya gari bila ya kutafuta mahali penye hewa, pa kuufunga wima, na valvu yake ikiwa imefungwa. Lililo bora ni kuuacha nyumbani, kwani safari ya siku nne haimalizi mitungi miwili. Jenereta nayo itoe kwenye buti uiweke ndani ya karavani, sakafuni, juu ya ekseli kabisa, uifunge kwa mikanda, na tangi lake la petroli liwe limemwagwa, pasibaki mafuta yanayotoa mvuke ndani ya chumba wanacholala watoto.

Kwa mabadiliko hayo shingo itashuka hadi kiasi cha kilo 159, ambazo ni karibu asilimia 12 ya karavani yako, na zile 416 za ekseli ya nyuma zitakuwa takriban 285. Umepunguza kilo 131 bila ya kutoa shilingi. Usipite hapo kwa tamaa ya kuiona nyuma ya gari ikinyooka zaidi, ukaanza kuhamisha vitu nyuma ya ekseli ya karavani. Shingo ikiwa nyepesi kupita kiasi, karavani huanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha hulichukua gari zima. Na hapa kwetu sababu za kuianzisha hazikosekani, kwani upepo wa kusi hupiga ubavuni ukiwa juu ya daraja la Nyali au la Mtwapa, na lori refu likikupita kwa kasi husukuma hewa inayokugonga mbavuni. Kuinama kidogo kwa nyuma ni afadhali mara nyingi kuliko shingo isiyo na uzito.

Baada ya hapo pima urefu. Chukua futi kamba, simamisha gari penye usawa, na upime kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu. Pima kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na familia na vyombo, kisha karavani ikiwa imefungwa. Andika namba hizo kwenye daftari, kwa sababu macho hudanganya hasa kwenye gari lenye pua ndefu. Na kabla ya yote lilinganishe gari lako tupu na jingine la aina ile ile ambalo halijachoka: ikiwa lako limeshuka nyuma hata kabla ya kubebeshwa mzigo, basi springi zimekwisha, na yule fundi wa kwanza ana haki. Springi iliyochoka hubadilishwa, wala haisaidiwi kwa kuongezewa kitu kingine.

Sasa nakuja kwenye mafundi wako watatu. Wa shokamzoba namweka kando. Shokamzoba ya kawaida haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko wa springi, ili gari lisiendelee kudunda baada ya tuta. Ikiwa zako zinavuja mafuta, zibadilishe kwa sababu ya usalama, lakini nyuma haitapanda hata sentimita moja ya maana.

Springi ngumu hubeba, tena hubeba vizuri, ila hubeba siku zote. Wewe utavuta karavani mara tatu kwa mwaka, na siku zilizobaki utakuwa ukipeleka watoto shule kwa gari linalorukaruka. Mifuko ya upepo ambayo huingizwa ndani ya koili inakufaa zaidi, kwa kuwa unaijaza wakati wa safari na kuipunguza ukirudi. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, usiiache tupu kabisa, kwani ikikaa bila upepo hukunjwa na kukatika. Lakini lielewe jambo hili kabla ya kulipa: si springi wala mifuko itakayorudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele. Huinua nyuma, taa zikarudi mahali pake, chuma kikaacha kukwaruza. Uzito uliokimbia mbele unabaki umekimbia, na uwezo wa gari ulioandikwa kwenye kitabu haupandi hata kwa kilo moja.

Kinachorudisha uzito mbele ni vyuma vya kugawa uzito, yaani fito mbili za springi zinazotoka chini ya tufe na kukazwa kwa minyororo kwenye shingo ya karavani. Zikikazwa huwa kama mtu aliyeshika mipini ya mkokoteni kwa nyuma ya gari akainyanyua: sehemu ya mzigo huhamia magurudumu ya mbele, na sehemu nyingine hurudi kwenye ekseli ya karavani yenyewe. Ni kifaa kizuri, nacho ndicho ningekichagua kwa karavani nzito. Hata hivyo si kila gari linakikubali. Vitabu vya baadhi ya magari hukikataza kwa kuwa bodi yake haikujengwa kwa ajili ya nguvu hiyo, na baadhi ya karavani zenye breki zinazofungwa kwa kusukumwa na shingo haziendi nacho. Tena fito hizo hulegezwa au kutolewa unapoacha lami na kupita mitaro mirefu, jambo ambalo utalikuta kila ukiingia njia za kambi huko Taita.

Kwa namba zako, baada ya kuupanga mzigo, mbele kutakosa kiasi cha kilo 81, na wewe pamoja na mama watoto mkiketi mbele mtarudisha sehemu yake. Kwa hiyo jibu langu ni mifuko ya upepo, kwa sharti kwamba springi ziwe nzima, kibati na kitabu cha gari viwe vimeheshimiwa, na vipimo vya futi kamba vionyeshe kuwa pua haiinuki sana tena. Ikiwa bado inainuka, fedha zako zizuie hadi uulize juu ya vyuma vya kugawa uzito. Matairi ya nyuma yajaze upepo wa gari lenye mzigo kama ilivyoandikwa kwenye mlango, uyapime asubuhi kabla hayajapata joto. Na karavani ikishafungwa, iangalie kwa ubavu: iwe sawasawa na ardhi, au pua yake ishuke kidogo tu. Ikiwa imeinua pua, tufe lako limewekwa juu mno.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mama ninayefanya biashara ya chakula, na kibanda changu kiko juu ya trela ya ekseli mbili ambayo kijana wangu huivuta kwa pikapu kutoka Likoni hadi karibu na Mama Ngina. Tukiingia na kutoka feri, chuma cha nyuma hukwaruza sakafu kwa sauti ya kutisha, na siku nyingine hukwama kabisa watu wakatushangilia. Fundi anataka kutia vipande vya tairi kuukuu baina ya springi na fremu, au aongeze majani mawili ya springi (yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine) kwa bei ya juu. Lipi salama? — *Mama Lishe, Likoni*

JIBU: Marahaba, mama. Vipande vya tairi usivikubali. Vikikaa pale, springi hupoteza nafasi yake ya kucheza, na kila shimo la barabara hupigwa moja kwa moja kwenye fremu, mahali pamoja, mpaka chuma kinapasuka au kupinda. Kwa sababu hiyo hiyo mifuko ya upepo niliyomshauri ndugu wa Bamburi siipendekezi sana kwa pikapu yenye springi za majani: springi hizo hugawa uzito sehemu mbili za fremu, mbele na nyuma ya ekseli, ilhali mfuko huusukuma wote katikati, na pikapu inayovuta mzigo mzito kwenye njia mbovu imewahi kuonekana ikipinda mgongo hapo hapo.

Kuongeza majani ni kazi ya halali, alimradi majani yawe ya upana na mpindo unaolingana na yaliyopo, na boliti za kuyafunga ziwe mpya na ndefu za kutosha. Jani moja kwa kawaida hutosha kuanzia. Kataa kabisa springi kupashwa moto au kuchomelewa ili ipinde upya, kwa sababu moto huondoa ugumu wa chuma hicho. Itasimama vizuri wiki ya kwanza, kisha italala au kukatika.

Lakini tatizo lako la feri halitokani na springi peke yake. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua ambapo kupwa na kujaa hupishana kwa mita tatu na zaidi, pikapu hushuka mteremko mrefu wa gati kisha hukutana na mlango wa feri, na hapo nyuma ya gari hubanwa hata ingekuwa imenyooka. Mwambie kijana aangalie maji, avuke yakiwa yamejaa inapowezekana. Sufuria kubwa, mitungi na viroba vya unga visipangwe vyote kwenye ukuta wa mbele wa kibanda, bali vigawanywe juu ya ekseli mbili. Na kwa siku za mzigo mkubwa, fanya hesabu ya mafuta ya kuzungukia Dongo Kundu: ni mbali, lakini hakuna gati, na huenda ikakutoka nafuu kuliko kuchomelea chuma hicho kila mwezi.

SWALI: Natumia gari langu kuvuta boti ndogo ya kuvulia hadi ufukweni Mtwapa. Tangu mwezi uliopita nyuma ya gari imeinama upande wa kushoto tu, boti iwepo au isiwepo. Je, ni uzito wa trela? — *Mvuvi wa Wikendi, Mtwapa*

JIBU: Hapana, ndugu. Uzito wa trela huinamisha pande zote mbili, na ungeondoka ukiifungua. Gari linaloegemea upande mmoja hata likiwa tupu huwa limekatika springi, au kikalio chake, yaani mahali springi inapokaa, kimeliwa na kutu, na kwa mtu anayerudisha gari hadi magurudumu ya nyuma yaguse maji ya chumvi, kutu ndiyo ninayoishuku kwanza. Tafuta tochi, weka gari juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake, na uchunguze koili ya kushoto hasa mzunguko wake wa chini kabisa, kwa kuwa mchanga na chumvi hukusanyika hapo na ndipo inapokatikia. Kipande kilichokatika mara nyingi huonekana kimelala ndani ya kikalio. Ikiwa imekatika, usivute boti mpaka uibadilishe, na ubadilishe za pande zote mbili pamoja ili urefu na ugumu wake ulingane. Ikiwa ni kikalio kilichooza, hiyo ni kazi ya mchomeleaji anayejua fremu, na gari lisitoke gereji kabla yake. Baada ya hapo, kila ukitoka majini suuza sehemu hiyo kwa maji baridi ya bomba kabla gari halijakauka, pamoja na springi na beringi za trela yenyewe.